Wingu la Vitanzi

Carmen Alto, Arequipa
6 Novemba 1894

Dada yangu Melchora,

Salamu nyingi zikufikie huko Mollendo, nikitumaini hewa ya bahari imekutuliza kifua kama ulivyotarajia. Sisi hatujambo. Mama mzima, ila goti. Kila asubuhi analisemesha kama anavyosemesha punda: "Haya nyanyuka, mwana wa ibilisi," kisha anachechemea kwenda kulisha simbilisi wake, ambao wameongezeka wanane. Vitunguu vya jirani Casimira vimeoza vyote, naye anadai ni dawa zetu za picha zilizoozesha ardhi. Akinikuta njiani ananiita mchawi wa wageni.

Nimepandishwa kazi. Unajua nilikuwa wa kuteka maji na kuosha vioo tu. Sasa Bwana Pruett, mkuu wetu wa kituo cha kutazama nyota, ameniweka kwenye darubini yenyewe. Bamba la kioo lililopakwa dawa linafungwa mkiani mwa darubini, nami nakaa saa nne nikiitazama nyota moja kati ya nyuzi mbili za buibui. Ikitaka kutoroka nazungusha gurudumu dogo, nairudisha. Nikipiga chafya, kazi yote imekwenda na maji.

Tunalipiga picha Wingu Kubwa, lile pande jeupe la kusini ambalo bibi alisema ni vumbi la llama waliokurupushwa. Ndani yake kuna kitu ambacho kwa macho matupu utadhani ni nyota yenye ukungu. Kwenye kioo si nyota, dada. Ni vitanzi vya moto vilivyosokotana, kama matumbo ya kondoo yaliyomwagwa chini, na katikati yake kishada cha nyota zilizobanana hata hazihesabiki. Wageni wanaliita Wingu la Vitanzi. Bwana Pruett ameupitisha mwanga wake kwenye mche wa kioo. Mwanga wa nyota ukipita hapo hutandazika ukawa rangi zote za upinde wa mvua. Huu hautoi upinde, unatoa mistari michache mitupu. Maana yake lile si rundo la nyota za mbali. Ni hewa inayowaka yenyewe. Anadhani ndiko nyota zinakozaliwa, na kwamba zile za katikati bado ni changa. Nikamwuliza, mbona limeraruka hivyo? Akasema, "Hermógenes, hakuna ajuaye. Labda wana ndio wanaomrarua mama yao."

Sasa lililonishikisha kalamu. Shemeji Baltazar amekuja mara mbili kutoka kambini. Amekuwa sajini. Anauliza mkewe yuko wapi. Nimemjibu uko pwani kwa ajili ya kifua; pwani ni ndefu. Lakini watu wameanza kusema. Miezi mitatu ni mingi kwa kikohozi. Utarudi lini?

Mdogo wako,
Hermógenes


Mollendo
20 Novemba 1894

Mdogo wangu Hermógenes,

Barua yako imenifika siku ambayo maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha mtaa mzima, nikaisoma ikanikata kiu. Mwambie Mama goti alipake mafuta ya kondoo yaliyopashwa moto, na asipige magoti kanisani. Mungu atamwona hata akiwa ameketi.

Mimi nashona magunia ya sufu ya alpaka kwenye ghala karibu na gati. Sindano yake ni ndefu kama kiganja. Bibi Eduviges, mwenye nyumba, anakoroma mpaka mende wanahama. Juzi mabaharia wawili wa matishari, zile mashua bapa za mizigo, waligombea zamu kwa kulabu za mizigo. Sikio la mmoja lilibaki juu ya mbao za gati, mbwa akalichukua kabla mwenyewe hajajua kuwa halipo. Watu walicheka. Hapa watu hucheka wakiogopa. Wanasema waasi wamejaa milimani, na bunduki zinashushwa ndani ya mapipa ya unga.

Nyota hatuzioni, ukungu umetufunika. Kwa hiyo niandikie zaidi habari za wingu lako. Mimi niliyekufundisha herufi kwa mkaa ukutani, leo ndiwe unayenisomesha mbingu! Niulizie kwa Bwana wako: hizo nyota changa zinakaa humo motoni muda gani kabla hazijatoka?

Kifua changu ni kizuri. Hata mkono niliouvunja Agosti nilipoanguka ngazini umeunga.

Nina ombi moja. Mtu akikuuliza ninapokaa, mwambie hujui. Mtu yeyote. Hata akija na mkate. Hata akilia. Usiniulize kwa nini. Wewe unaweza kukaa saa nne bila kupiga chafya, basi nikalie na hili.

Dada yako,
Melchora


Carmen Alto
14 Desemba 1894

Dada mpendwa,

Salamu za Mama na za simbilisi wote waliosalia, maana sita wamekwisha kuliwa. Mafuta ya kondoo yamesaidia. Magoti kanisani hajaacha.

Mji umebadilika sura. Jeshi la serikali linachimba mahandaki hata kwenye mashamba ya mahindi, na kila kona kuna askari anayetaka karatasi ambazo hajui kuzisoma. Juma lililopita walimpiga risasi muuza mkaa kwa kuwa aliposimamishwa hakusimama. Alikuwa kiziwi, mtaa mzima unamjua.

Kreti ya mabamba arobaini imeondoka kwa treni jana, ije Mollendo ipakiwe melini. Lile la Vitanzi limo. Limekaa chini ya mbingu saa kumi na moja, siku tatu mfululizo, na hesabu ya kishada cha katikati bado imetushinda. Wapakiaji wakiitupa kreti hiyo, wapigie kelele kwa niaba yangu. Swali lako nimemfikishia Bwana Pruett. Alicheka. Akasema nyota hazitoki. Zinabaki palepale, wingu ndilo linalokwisha.

Shemeji alikuja Jumapili. Alileta mkate wa ngano, wa moto bado. Alilia mbele ya Mama, sajini mzima, na panga lake kiunoni. Mama naye akalia, akasema ndoa ni ndoa. Tulizungumza kidogo akaenda zake. Hakuna zaidi.

Krismasi njema, dada yangu.

Hermógenes


Carmen Alto
3 Januari 1895

Dada Melchora,

Umenyamaza. Tumepokea barua za kila mtu ila yako. Mama anauliza kila treni inapopiga honi. Mvua zimeanza, mbingu imefungwa, darubini imefunikwa turubai, nami sina la kunisahaulisha.

Shemeji alipewa likizo ya Krismasi. Nimemwona leo sokoni, shavu limevimba, limebandikwa bandeji. Nikamwuliza limekuwaje, akasema, "Paka." Hakusimama.

Andika japo mstari mmoja.

Hermógenes


Mollendo
11 Januari 1895
(Imefika Arequipa 8 Machi)

Mdogo wangu,

Msalimie Mama. Mwambie sijambo. Barua hii usimsomee.

Niwie radhi kwa mistari inayopanda na kushuka. Bado sijazoea.

Baltazar alikuja jioni ya mkesha wa Krismasi. Bibi Eduviges alikuwa kanisani, mimi nashona. Akabisha mlango. Nikauliza nani. Sauti ikasema, "Nina mzigo wa Hermógenes, kutoka Carmen Alto." Hakutaja jina lake. Alitaja lako. Nikafungua.

Hakuuliza lolote. Alifunga mlango kwa mguu, akavua mkanda wake wa jeshi, akauzungusha mkononi bizimu ikaning'inia. Pigo la kwanza lilivunja taa. La pili sikuliona. Bizimu iliingia jicho la kushoto. Nilidhani ni maji yanayonitiririka, nikashika, nikajua si maji. Aliendelea nikiwa chini. Alikuwa akihesabu, Hermógenes. "Hii ya Septemba. Hii ya Oktoba." Kila mwezi niliokuwa mbali naye.

Sindano ya magunia ilikuwa kwenye aproni. Alipoinama kunishika nywele nilimdunga shavuni, nikasukuma mpaka ikagota meno. Ndipo akatoka. Isingekuwa sindano ile, barua hii ingeandikwa na padri.

Mganga wa meli alilitoa lililobaki la jicho siku ya tatu. Hakuwa na dawa ya kulaza. Wanaume wanne wa ghala walinishika.

Ngazi ya Agosti ni yeye. Homa ya mwaka juzi ni yeye. Na ile mimba ambayo Mama anaamini niliipoteza kwa kubeba maji, ni yeye.

Nina swali moja. Mlango wa bluu nyuma ya ghala la sufu tulikuwa tunaujua watatu: Bibi Eduviges, mimi na wewe. Nijibu.

Melchora


Carmen Alto
5 Februari 1895

Dada yangu,

Treni imeanza tena kutembea, nami naandika kabla haijakatwa mara ya tatu. Tu wazima. Namwomba Mungu nawe uwe mzima, maana tangu waasi wateke Mollendo na kung'oa reli hatujapata hata karatasi kutoka huko.

Tarehe 20 Januari shemeji alipanda kilimani na askari wanane na agizo la kambi. Walitaka madini ya risasi, wayayeyushe wapate za bunduki. Darubini yetu ina vipande vizito vya risasi vinavyoisawazisha, kama jiwe la mizani. Bwana Pruett akasimama mlangoni na barua ya ubalozi. Shemeji akamwambia, "Bwana, barua haiui mtu." Wakakata vipande kwa msumeno. Nilipiga kelele waitegemeze kwanza, hawakusikia. Bomba la darubini likapinduka, likamwangukia Nicanor, mpishi wetu, likamvunja mbavu mbele ya macho yangu. Alikufa siku ya pili akiomba maji. Lenzi ilipona kwa kuwa tulikuwa tumeishusha na kuifukia kwenye pipa la maharage la Mama.

Jumapili tarehe 27 waasi wakaingia mjini. Tuliwaona kutoka juu, moshi mtaa baada ya mtaa, kama mtu anayewasha mishumaa. Mapigano yalianza asubuhi yakaisha jua limeinama. Nilishuka na machela. Daraja lilikuwa linateleza. Farasi mmoja alikuwa anatembea akikanyaga utumbo wake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na risasi ya kumpa. Chini ya ukuta wa kanisa maiti walikuwa wamepangwa, na wanawake wanapita wakiwafunua nyuso mmoja mmoja. Jirani Casimira alimpata mumewe. Hakulia. Alimvua viatu akavivaa, akarudi nyumbani.

Niliporudi nikamkuta shemeji mlangoni pa kituo, risasi imepita pajani, amevua koti la jeshi. Waasi walikuwa wanawatafuta masajini nyumba kwa nyumba na kuwapiga risasi ukutani. Alinishika miguu. "Shemeji, kwa ajili ya dada yako." Nilimfikiria Nicanor, nusura nimfungie nje. Kisha nikakufikiria wewe, mjane kabla ya miaka thelathini. Nikamsukumia kwenye chumba cha giza tunamosafishia picha, chini ya beseni. Walipofika waasi nikawaambia mkifungua mlango huo mwanga utaua kazi ya mwaka mzima. Kiongozi wao alikuwa kijana wa shule. Aliomba radhi, akaondoka.

Sasa yuko kwa Mama. Mimi namwosha kidonda, Mama anampikia chupe, ule mchuzi mzito wa viazi. Goti halimuumi tena tangu apate mtu wa kuuguza. Furahi, dada. Mumeo yu hai, na ni mimi niliyekuokolea.

Hermógenes


Mollendo
16 Februari 1895

Hermógenes,

Yako nimeipata. Yangu ya tarehe 11 Januari unayo, na bado umemlaza kitandani pa Mama. Unamwosha kidonda.

Nimeisoma mara tatu nikidhani ni jicho linalonidanganya.

Msalimie Mama. Usiniandikie tena.

M.


Carmen Alto
10 Machi 1895

Dada yangu,

Umenikataza, nami naandika. Ukitaka ichome, lakini isome kwanza.

Barua yako fupi ilinifikia, nisiielewe. Ya tarehe 11 Januari sikuwa nayo. Nilikwenda posta mara nne, karani akaniambia, "Rafiki, tangu lini waasi wakawa na mihuri?" Nikamwuliza Baltazar, dada amekasirikia nini. Alikuwa anachonga fimbo ya kutembelea. Akasema, "Wanawake wa pwani hupata kichaa, ni joto." Nikacheka, dada. Nakuungamia kwamba nilicheka.

Ijumaa adhuhuri karani alipanda kilima mwenyewe. Behewa lililopinduliwa karibu na Vítor limenyanyuliwa juzi, na chini yake kulikuwa na mfuko wa barua uliolala wiki saba. Nilikusoma nimesimama getini. Nilipofika penye jina langu, nilipoona kwamba ulifungua kwa sababu ya jina langu, nilitapika kwenye mfereji.

Ni mimi. Ile Jumapili ya mkate wa moto ni mimi. Alilia, na Mama alilia, nami nikaona nina maneno ya kuwanyamazisha wote wawili. Nikamwambia mlango wa bluu, nyuma ya ghala la sufu. Nilijiona mtu mwema. Hiyo ndiyo siku niliyokuandikia "hakuna zaidi."

Nikaingia ndani. Walikuwa mezani, yeye na Mama, bakuli la pili. Uliniambia nisimsomee. Nikasoma. Nilisoma kwa sauti, kutoka "Msalimie Mama" mpaka "Nijibu," hata pale pa mimba. Mama hakunikatiza. Baltazar aliendelea kula mpaka kwenye sindano, hapo akaweka kijiko.

"Anaongeza chumvi, Mama," akasema. "Unamjua binti yako."

Mama akasema, "Namjua."

Kisha akasema kwa upole kabisa, kama anavyosema na simbilisi, "Mwanangu, kama ni uongo, apa. Weka mkono hapa juu ya jiwe nililokusagia chakula siku arobaini, uape kwa Mungu kuwa ni uongo."

Unalijua lile jiwe la kusagia karibu na jiko. Baltazar alichechemea, akaweka kiganja cha kulia juu yake, akatazama msalaba ukutani. Akafungua mdomo. Mama alikuwa amekwisha kulinyanyua jiwe la juu, lile ambalo siku hizi hawezi kulisogeza bila kuniita. Alilinyanyua kwa mikono miwili mpaka kifuani, akaliachia.

Sauti yake sitaiandika. Vidole vitatu vilikuwa karatasi. Mama akasema, "Huo ndio mkono wa mkanda?" Akainama alinyanyue tena, goti likakataa, akaanguka. Mimi nilimkamata Baltazar kwa kola nikamtoa mpaka barabarani. Nilikuwa na shoka karibu. Nikaliona. Sikulishika, na sijui bado kama ni kwa uungwana au kwa woga. Alishuka kilima akiushikilia mkono huo kama mtu aliyebeba ndege mgonjwa. Fimbo yake ilibaki kwetu. Mama ameichoma.

Tangu Ijumaa Mama hali. Amelisugua jiwe kwa majivu na maji ya moto, mara tano. Padri amekataa kumpa komunyo mpaka atubu, naye anasema hawezi kutubu hilo, atatubu la kusema ndoa ni ndoa. Jana aliniuliza, "Mtu anaweza kufa kwa mkono?" Nikasema hapana.

Darubini imesimama tena, tumepata risasi kutoka kwenye mabomba ya kanisa lililobomoka. Wingu la Vitanzi limeanza kwenda magharibi mapema. Sasa anapanda ndugu yake mwingine, aliye kwenye Njia ya Maziwa karibu na nyota za Msalaba wa Kusini, mwenye shimo jeusi kama tundu la ufunguo. Ile nyota iliyo kando ya tundu ndiyo bibi alisimulia kwamba, yeye akiwa msichana, iliwaka ghafla kupita karibu nyota zote za mbinguni, kisha ikafifia. Bwana Pruett anasema haikufa. Imejifunika kwa kile ilichokitapika.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Nimejibu swali lako.

Hermógenes


Mollendo
4 Aprili 1895

Hermógenes,

Mpe Mama salamu zangu za mikono miwili, na umwambie ale. Bibi Eduviges amenishonea kitambaa cheusi cha jicho, kina ua pembeni. Anasema nikivaa kile kitupu watoto watadhani ni haramia. Nimerudi kazini tangu Februari. Sindano siioni vizuri kwa upande, hivyo kila gunia lina tone la damu yangu. Watu wa Ulaya watavaa na hawatajua.

Kreti yako ilifika salama Desemba, ila meli haikuja tena kwa sababu ya vita, ikabaki ghalani kwetu. Waasi walipoingia waliivunja wakitafuta fedha. Mmoja akalitoa bamba, akalielekeza kwenye jua, akapiga kelele, "Jamani, vioo vya mavi ya inzi!" Nikiwa na bandeji usoni nikamwambia, hizo ni nyota, mjinga wewe, kwenye kioo hutoka nyeusi. Akanipa nitazame. Lilikuwa lile la Vitanzi, lina nambari yako. Nililishika muda mrefu. Moto ulikuwa mweusi, vitanzi vyeusi, na kishada cha katikati ni doa moja zito kama damu iliyoganda. Ndiyo mara ya kwanza tangu Krismasi nilitazama kitu nisifikirie uso wangu. Niliyafunga mabamba yote upya kwa sufu, nikayashona ndani ya magunia. Yameondoka kwa meli ya tarehe 20 Machi. Arobaini, hakuna lililovunjika.

Sasa nikueleze la Jumatatu.

Baltazar alikuja Mollendo. Vita vimekwisha Lima, na masajini wa upande ulioshindwa wanakimbilia kusini kwenye migodi ya chumvi, Iquique. Nilimwona kwenye foleni ya gati, mchana kweupe, koti la kiraia, mkono wa kulia umefungwa matambara mpaka kiwiko. Ulikuwa unanuka, watu walimpisha. Nilikuwa nimesimama na magunia yangu hatua kumi. Aliniona. Alikitazama kitambaa cha jicho, akatazama chini.

Unajua bahari ya hapa, mawimbi hayamruhusu abiria kushuka kwa ngazi. Wanamketisha kwenye kiti, kreni inamnyanyua, inamshusha kwenye tishari huku tishari lenyewe linapanda na kushuka urefu wa nyumba. Mwenye kreni akamwambia, "Shika minyororo yote miwili, baba, usiachie mpaka nikwambie." Akashika wa kushoto. Wa kulia aliukumbatia kwa kiwiko.

Wimbi lilipandisha tishari kabla ya wakati, kiti kikagonga ukingo, kikapinda. Mabaharia wakanyoosha mikono, naye akawanyooshea wa kwake, ule wa matambara. Waliushika. Akapiga ukelele nilioufahamu, maana ndio ule ambao hukutaka kuuandika, nao wakashtuka wakamwachia. Akaanguka kati ya tishari na nguzo za gati. Alitokeza mara moja, kichwa na mabega, akajaribu kukumbatia nguzo, vidole havikufunga. Tishari likarudi na wimbi lililofuata. Niliisikia nguzo ikilia.

Sikupiga kelele. Wala sikucheka. Nilikuwa na kamba ya magunia miguuni, Hermógenes, pima ishirini. Sitakuambia kama niliifikiria.

Walimpata jioni. Mkuu wa bandari aliuliza nani anamjua, nikasema ni mume wangu. Wakanipa karatasi nikatia jina. Nimemzika kwenye mchanga, juu ya mji, pasipo na maji ya bahari. Nililipa msalaba wa mbao. Usiniulize sababu, sijui.

Uliyoniungamia nimeyasoma. Nilikwisha kujua, ila nilitaka uniambie wewe. Sijakusamehe. Nimejitafutia huo msamaha ndani ya moyo na sijauona ulipo. Ukipatikana nitakuambia ana kwa ana, maana napanda treni Jumatatu. Nitalala chumba cha Mama. Wewe lala huko huko kituoni kwako mpaka nikuite.

Kabla sijafika mwambie Mama kwamba Baltazar amekufa, asije akasikia kwa Casimira. Mwambie amekufa baharini. Atauliza kuhusu mkono, atauliza tena na tena, unamjua. Ulikuwa umepona, mwambie. Aliushika mnyororo vizuri kama watu wengine. Bahari ilikuwa chafu.

Na kweli ilikuwa chafu.

Dada yako,
Melchora